Visu Vitano vya Azizi

Mzee Sixbert alipotoka kwenda misa ya asubuhi, Benigna alibaki mlangoni akihesabu kimoyomoyo. Moja mpaka sitini. Sitini ndizo hatua za mumewe kutoka barazani hadi kwenye ua wa jirani yao Emerensiana, na akishaupita ua ule anakata kona, hasikii tena kinachofanyika nyuma ya nyumba yake. Ndivyo Benigna alivyoamini. Alipofika sitini alibeba ndoo ya visu, akazunguka uani, akaketi kwenye jiwe la kufulia na kuanza wizi wake.

Wizi wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo. Alikuwa akinoa visu ambavyo mumewe alishavinoa jana yake.

Alivitoa kimoja kimoja na kuvigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa baridi ile ya Juni inayoshuka kutoka milimani Matogoro na kuingia kwenye vifundo vya vidole, na maji ya kwenye kopo yalikuwa yakiuma. Kisu cha kwanza kilikuwa salama. Cha pili kilikuwa na alama nchani, bluu iliyofifia kama ya shingo ya njiwa. Benigna aliguna. "Na wewe tena," alikiambia, akakiweka pembeni.

Asiyeijua kazi hii angeiona rangi ile akadhani ni urembo. Jiwe la baiskeli, linalozungushwa kwa kukanyaga pedali, lina haraka. Ukikikandamiza kisu pale muda mrefu, au maji yanayodondokea jiwe yakiisha, chuma kinashika moto, kinageuka rangi, na ugumu wake unatoka. Mteja anaondoka nacho akicheka, maana kinanyoa hata malaika, vile vinyweleo vya mkono. Akifika nyumbani kinakata kabichi moja, la pili kinateleza. Mnoaji mzoefu huiona rangi inapoanza tu kugeuka na kuinua mkono. Mzee Sixbert kwa miaka thelathini alikuwa akiwacheka wanaounguza visu. "Ni sawa na mpishi anayeunguza chai," alikuwa akisema. "Mwambieni akauze karanga."

Sasa alikuwa anaunguza yeye, kwa sababu haoni. Hakumwambia mkewe, mkewe hakumwuliza, na kwenye nafasi ya maneno yale waliweka ukungu. "Ukungu wa mwaka huu umezidi," mzee alisema asubuhi alipoipiga ndoo teke. "Ukungu haujaondoka tu?" alisema saa saba mchana, jua likipiga mabati, na Benigna akajibu, "Bado, baba Oliva."

Basi alinoa. Palipoungua juu juu alisugua kwenye kinoo chake cha mto mpaka chuma kizima kikajitokeza. Palipoungua sana alifanya alichoweza, akamwombea mwenye kisu asikutane na kitu kigumu kuliko mchicha. Mgongo ulimuuma, vidole vilipasuka kwa maji na mchanga wa jiwe, na bado kulikuwa na kuni, na kuku, na maharage ya kupepeta. Jambo moja tu alilishukuru: tangu aanze mchezo huu baada ya Pasaka, mumewe hakuwahi kurudi kabla hajamaliza. Siku za visu vichache misa ilikuwa fupi. Siku za visu vingi padri alirefusha mahubiri.

Kisu pekee ambacho hakikunolewa na mtu kilikuwa cha jikoni kwao wenyewe. Mpini wake ulifungwa kitambaa, na kilikuwa butu kiasi kwamba kitunguu kilipondeka badala ya kukatika. Mganga hajigangi, na mke wa mganga naye ana kazi nyingine.

*

Saa tatu Emerensiana alibisha hodi akiwa na kisu alichokiviringisha kwenye gazeti. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao, mwanamke wa miraba minne mwenye sauti ya kutangazia, na kwa kawaida mazungumzo yake yalianza akiwa bado njiani. Leo alianza kwa kukohoa.

"Mama Oliva, usinichukie."

"Nikuchukie kwa lipi, dada?"

"Hiki kisu." Alitazama kule kwenye upenu alikokuwa Mzee Sixbert akipaka mafuta mnyororo wa baiskeli yake ya kunolea, akashusha sauti, ambayo hata ikishushwa ilifika mpaka kwa jirani wa tatu. "Kwenye kipaimara cha mtoto wa Rupert tulikuwa akina mama kumi na wawili, kila mmoja na kisu chake, na vyote vilinolewa hapa. Kufika saa nne tunasubiriana kisu kimoja cha mgeni wa kutoka Mbinga. Ng'ombe mzima pale, sisi tumesimama mikono kiunoni. Tuliona aibu."

"Labda mlikatia mifupa," Benigna alisema upesi.

"Mifupa gani? Mimi nilikuwa na karoti."

"Kilete hapa," Mzee Sixbert alisema kutoka upenuni. "Nitakirudia bure."

Emerensiana alikwenda akakiweka juu ya kigoda kilichokuwa mbele ya mzee. Hakumkabidhi, kwa sababu sheria ya pale aliijua kila mtu: kisu hakipokezwi mkononi. Ukimpa mtu kisu mkononi umempa ugomvi. Unakiweka chini, naye anakiokota mwenyewe. Wateja wageni walishagombezwa kwa hilo, na Oliva, binti yao ambaye sasa ameolewa Makambako, alichapwa kwa hilo akiwa na miaka mitano.

Mzee alinyoosha mkono kwenye kigoda. Mkono uligusa kopo la mafuta, ukagusa gazeti, ukapapasa ukingo wa kigoda kwenda na kurudi, na ndipo ukaupata mpini. Emerensiana aligeuka ghafla akawa anawatazama kuku, kana kwamba amekuja kununua mmoja.

Benigna alimsindikiza hadi barabarani. Walikwenda kimya, jambo ambalo kwa Emerensiana lilikuwa ugonjwa.

"Halafu mzee wako ana nini?" alisema hatimaye. "Kila asubuhi akirudi kanisani anasimama kwenye ua wangu. Anasimama tu, kama anayesubiri basi. Juzi alisimama mpaka uji wangu ukapoa nikimtazama. Nikasema, huyu mzee ananichunguza au?"

"Anapumzika. Miguu inamsumbua."

"Haya." Emerensiana alijifunga khanga upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. "Kule stendi Bakili ameleta mashine ya umeme. Bei ni mia tano vilevile. Sisemi kitu, mama Oliva, nasema tu."

Benigna alirudi ndani akajiona amechoka, na siku haijafika hata saa nne.

*

Azizi alikuja alasiri kwa pikipiki. Alikuwa mchinjaji wa machinjio ya mjini, mtu wa Nakapanya kule Tunduru, mwembamba, mpole wa maneno, na visu vyake na vya wenzake saba ndivyo vilivyokuwa kazi hasa ya nyumba ile. Visu vya akina mama vilileta chumvi na sabuni. Bila visu vya machinjio, ile baiskeli ingebaki ya kuanikia nguo.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Ilibidi aambiwe mara tatu, na kwa Benigna hiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko kelele. Kelele za wateja alizizoea. Zilianza juu na kuishia kwenye chai.

"Mzee," Azizi alisema, "Jumatatu nilipata mtihani."

"Mtihani gani?"

"Ng'ombe wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili, kisu kikakataa. Nilikipeleka kikateleza. Nikarudia. Mnyama akainuka na kamba zake." Alivua kofia yake, akaikunja mikononi. "Sisi tumeamrishwa tunoe visu, mnyama asiteseke. Akiteseka dhambi ni yangu, siyo ya kisu. Msimamizi akaniambia weka kisu, nenda kakae kule. Mbele ya watu wote, mzee. Miaka kumi na moja nachinja pale, sijawahi kuambiwa nikakae."

 Mzee Sixbert alikuwa akiupapasa mnyororo wa baiskeli uliokwishapakwa mafuta.

"Kilikuwa kile kirefu?"

"Kile kirefu. Kile kidogo mlichonipa pamoja nacho ndicho kilichonitoa kwenye aibu. Kile kilikuwa kama zamani, wallahi."

"Kile nilikipa muda," mzee alisema.

Benigna alivitazama vidole vyake. Kile kidogo alikisugua yeye, asubuhi nzima ya Jumamosi, mpaka ugali ukachelewa na mzee akalalamika. Aliona wivu, na mara akaona aibu kumwonea wivu mtu ambaye hata mlango wa choo sasa anautafuta kwa mkono.

"Jumamosi ni Idi," Azizi aliendelea. "Nina ng'ombe wanne wa msikiti, na mbuzi wa watu sijui ishirini. Wenzangu wanataka kuhamia kwa Bakili. Nimewaambia wasubiri kwanza. Nimewaambia Mzee Sixbert alikuwa na homa." Alifungua kiroba, akavipanga visu vitano juu ya kigoda. Cha mwisho kilikuwa kirefu na kipya, kimenunuliwa kwa ajili ya sikukuu, na lebo ilikuwa bado kwenye mpini. "Hivi vikikaa sawa, Jumamosi wataviona wenyewe, watarudi. Visipokaa sawa, mzee wangu, mimi sina tena la kuwaambia."

"Njoo Ijumaa," mzee alisema. "Ukitoka kuswali."

"Inshallah." Azizi alipanda pikipiki, kisha akageuka kabla hajaiwasha. "Na wewe mama, uviangalie."

Alilisema taratibu, na Benigna hakujua kama ni adabu tu au ameshaona.

*

Kesho yake Mzee Sixbert hakwenda misa. Alikunywa chai amesimama, akaiegesha baiskeli kwenye stendi yake, akapanda na kuanza kukanyaga. Jiwe lilizunguka likiimba wimbo wake wa siku zote. Benigna alikuwa akianika nguo, yaani alikuwa ameshika gauni moja lililolowa kwa muda mrefu sana.

Alianza na kile kipya. Ndivyo alivyo, kazi ya kuogopesha anaianza kwanza. Aliushika ubapa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza hodi, na Benigna alijua kwamba anaogopa, kwa sababu alikuwa anakandamiza kuliko kawaida. Kopo la maji lilining'inia juu ya jiwe kwa waya. Lilidondosha tone, likadondosha jingine, kisha likakaa kimya. Mzee aliendelea kukanyaga. Cheche zikabadilika, zikawa ndefu, na harufu ya chuma kilichochomwa ikafika mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Baba Oliva, maji yameisha."

"Yapo. Nilijaza."

"Yameisha! Kinaungua, inua mkono!"

Aliinua. Jiwe lilizunguka peke yake likapungua, likasimama. Benigna alikuwa amekwishafika pale, gauni likimlowesha miguu, akakitazama kisu.

"Rangi gani?" mzee aliuliza.

Hakuwahi kuuliza swali hilo. Benigna alitafuta ukungu wa kulijibia, akaukosa.

"Bluu."

"Nchani?"

"Mpaka katikati."

Mzee alishuka kwenye baiskeli. Alikiweka kisu juu ya kigoda, akaketi chini kwenye kiroba, akapangusa uso kwa kiganja. Kilichokuwa kwenye kigoda kilikuwa kisu cha mtu cha sikukuu, kipya, kimekufa.

"Kalete kinoo chako," alisema.

"Kinoo gani?"

"Mama Oliva, nimechoka na huu mchezo wetu. Kinoo chako cha mto, unachokificha chini ya beseni."

Benigna alisimama pale pale. "Umejuaje?"

"Nakusikia. Nikifika kwa Emerensiana nakusikia, asubuhi hakuna kelele. Nasimama pale mpaka umalize."

Ndipo alipokumbuka uji wa Emerensiana uliopoa. "Na mahubiri? Siku zile padri anazorefusha mahubiri?"

"Padri yule hazidishi dakika kumi."

Ungetegemea acheke, na kicheko kilikuja kweli mpaka kooni, lakini kilipotoka kilikuwa hasira. "Yaani miezi miwili mizima mimi mgongo unanikatika, wewe umesimama kwenye baridi unanisikiliza, na hukusema?"

"Na wewe hukusema."

"Nilikuwa naficha aibu yako!"

"Na mimi nilikuwa nakuachia uifiche."

Benigna aliketi. Kuku walikuja wakadonoa karibu na miguu yao, wakaona hakuna kitu, wakaondoka. Alimwonea mumewe huruma, akamchukia kidogo, akajiona mjinga, vyote kwa mara moja. Kila kisu alichokisugua kwa siri kilimpa mumewe nafasi ya kuunguza kingine. Kama angesema baada ya Pasaka, Azizi asingeambiwa akakae kando, na kisu kile kingekuwa bado na lebo yake na ugumu wake.

"Vimebaki vinne," Benigna alisema.

"Vinne."

"Wewe kanyaga. Mimi nitashika."

"Umewahi kushika kwenye jiwe hili?"

"Nimekutazama miaka thelathini. Au ulidhani natazama kuku?"

Alijaza kopo la maji. Mzee akapanda, akakanyaga, na Benigna akasimama ubavuni na kisu mikononi. Kilipogusa jiwe mara ya kwanza kilirukaruka, cheche zikamwingia kwenye mkono wa blauzi, akapiga yowe. "Kilaze," mzee alisema. "Usikipige, kilaze. Kama unampangusa mtoto mdomo." Alikilaza. Wimbo ukatulia.

Mzee alifumba macho, maana hayakumsaidia kitu, akasikiliza. Sikio lake lilikuwa zima kabisa. "Inua, mlio umekauka. Haya, rudi. Sasa uko karibu na mpini, sogea. Inua." Kila walipomaliza upande mmoja alitaka kuyapima makali kwa dole gumba. Mara ya kwanza Benigna alimnyooshea kisu.

"Weka chini!" alifoka. "Kisu hakipokezwi mkononi."

Alikiweka kwenye kiroba. Mzee aliinama kutoka kwenye kiti cha baiskeli, akapapasa, akapapasa tena, na alichokipata kwanza kilikuwa makali. Alinyonya kidole, akatema, akaupata mpini na kupitisha dole gumba kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kinakwaruza upande huu. Rudia."

"Nimerudia mara mbili."

"Basi ni mara ya tatu. Sijawahi kupata mwanafunzi mzee namna hii."

Walifanya kazi mpaka jua likaegemea milimani. Kwenye kiroba palikuwa na matone madogo ya damu ya mzee, maana kila kisu alikitafuta vilevile. Vinne vilikuwa tayari. Cha tano walikisugua kwenye kinoo cha mto mpaka wakakata tamaa. Bluu ilikuwa imeingia ndani.

"Utamwambia Azizi," Benigna alisema.

"Nimwambie mimi?"

"Wewe. Mimi nimeshadanganya vya kutosha katika nyumba hii."

*

Azizi alikuja Ijumaa na kanzu yake, kofia safi, akinukia udi. Aliokota kisu cha kwanza kutoka kwenye kigoda, akapandisha mkono wa kanzu na kukipitisha juu ya ngozi. Malaika yalianguka. Akachukua cha pili, akakata kipande cha gazeti kilichokuwa kikining'inia vidoleni, nacho kikatengana bila sauti. Cha tatu na cha nne alivipima taratibu zaidi, uso ukifunguka.

"Alhamdulillahi. Hivi ndivyo, mzee. Hivi ndivyo ninavyovijua." Akaunyoosha mkono kuchukua kirefu.

"Hicho kiache," Mzee Sixbert alisema. Alisimama. Alikuwa amevaa shati la Jumapili, na Benigna alikuwa amejifanya halioni. "Hicho nimekiunguza. Sioni, mwanangu."

Azizi alibaki na mkono hewani.

"Huoni vipi?"

"Tangu mwaka mpya. Nilikwenda hospitali. Wakaniambia ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kinakwenda. Wakanipa matone."

Benigna alishika nguzo ya upenu. Mwezi wa kwanza mumewe alimwambia anakwenda mjini kutafuta jiwe jipya, akarudi jioni akasema mawe yamepanda bei. Na kile kichupa kidogo kwenye kopo la vifaa vya baiskeli, alichokipangusa vumbi kila wiki, yeye alidhani ni mafuta ya mnyororo. Hakirudi. Hata yeye Benigna alikuwa akingoja kirudi, sasa alijua. Miezi yote alikuwa akinoa akingoja macho yarudi kazini. Na habari hiyo ameisikia amesimama pamoja na mteja, kama mpita njia. Iliuma.

"Pole, mzee," Azizi alisema. Kisha akavitazama vile vinne. "Na hivi?"

"Aliyeshika ni mama."

"Na kile kidogo cha wiki ile?"

 "Mama," Mzee Sixbert alisema. "Nilikudanganya."

Azizi alimtazama Benigna, akaviviringisha visu vinne kwenye kitambaa polepole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetafuta maneno humo ndani.

"Mimi nitaleta vyangu," alisema. "Mchinjaji anatafuta makali, hatafuti mkono wa nani. Lakini wenzangu, mzee... Bakili aliwapitia jana na gari, akavichukua vyote. Kama ningekuwa na la kuwaambia, ningewaambia. Ile homa niliyowaambia imekwisha."

"Usiwaambie kitu," Mzee Sixbert alisema. "Umesema vya kutosha."

Hivyo ndivyo visu vya machinjio, ukiacha vya Azizi, vilivyoondoka katika nyumba ile, bila matusi na bila mlango kugongwa. Azizi alitaka kulipia vitano, mzee akakataa, wakavutana kidogo, mwisho akalipia vinne. Kile kirefu alikishika, akakigeuza, akakiona kilivyo.

"Hiki kaeni nacho," alisema. "Cha jikoni." Akakirudisha kigodani kwa adabu.

Alikuwa na nia njema, lakini kwa Benigna ilikuwa heri angetukana.

*

Jumamosi kabla ya adhuhuri Shakila, mke wa Azizi, alishuka kwenye bodaboda na sufuria iliyofungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mguu wa mbuzi.

"Azizi anawasalimu," alisema. "Kasema hakuna mnyama aliyeinuka. Hata mmoja."

"Mungu ashukuriwe," Mzee Sixbert alisema. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mzee. Sheikh mwenyewe kauliza visu vimenolewa wapi."

"Akajibu nini?"

"Kasema kwa Mama Oliva, Matogoro." Shakila hakukaa, alikuwa na wageni. Alipoondoka, mzee alibaki ameketi kwenye kizingiti, uso ameuelekeza angani.

"Leo kuna ukungu?"

"Hakuna," Benigna alisema. "Jua linawaka."

"Nilidhani hivyo. Nalisikia usoni."

Benigna aliketi uani na mguu wa mbuzi ndani ya beseni. Alichukua kisu kirefu cha Azizi, kwa kuwa cha zamani kisingetoboa hata ngozi. Kilikata vizuri mara tano, mara sita, kisha kikaanza kuteleza juu ya nyama. Alikirudisha kwenye jiwe la kufulia kwa hasira.

"Kimegoma?" mzee aliuliza.

"Kimegoma."

"Lete kinoo. Niwekee hapa."

Aliviweka vyote viwili karibu naye. Mzee alivipata, akamwagia jiwe maji, akaanza kusugua. Kinoo cha mto hakina haraka, hakiunguzi kitu, na hakidai macho. Kinadai mkono tu. Mkono wake ulikwenda na kurudi kwa mwendo ule ule wa zamani, dole gumba likipima, na Benigna akagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu Pasaka alikuwa anausikia mlio ule bila yeye kuinama. Mgongo wake uliusikia pia.

Kisu kilipokuwa tayari mzee alikiweka chini. Benigna alikiokota, akakata mapande saba, kikagoma. Alikiweka chini, mzee akapapasa, akakisugua, akakiweka chini. Akaokota, akakata, kikagoma tena. Kwa mwendo ule mguu mmoja wa mbuzi ungewachukua mpaka jioni, na kesho kungekuwa na kabichi, na kesho kutwa vitunguu. Safari ya tatu mzee alijikata kwenye kidole kile kile, akanyonya damu. Alisugua. Alipima makali.

Hakukiweka chini. Alikigeuza, akakishika kwa ubapa, na kumnyooshea mkewe mpini.

Benigna alimtazama. Mchirizi wa maji ulitoka kwenye kisu ukateremka mpaka kwenye kiwiko cha mzee.

"Na ugomvi?" aliuliza.

"Ukija utatukuta hapa hapa."

Mkono ulikuwa umenyooka, umetulia, lakini haukuelekea kwake. Ulielekea kwenye nguzo ya kamba ya nguo, hatua mbili kutoka alipokaa. Angeweza kumwambia, niko huku. Aliweka mikono magotini, akajiinua na mgongo wake, akazunguka beseni mpaka akafika pale mkono ulipoelekea, akasimama mbele yake na kuupokea mpini.

"Umeshika?" mzee aliuliza, hajaachia.

"Nimeshika."